Mbegu za Mboga Nyumbani: Zipi Zihifadhiwe, Zipi Ziepukwe

Mjamzito mwenye upungufu wa damu anapohudhuria kliniki, hupewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, kisha huambiwa ale mboga za majani kila siku. Ushauri huo ni sahihi, lakini aghalabu huishia mlangoni, kwani kiangazi kinapoingia mboga huadimika sokoni na bei hupanda. Kaya yenye tuta dogo na chupa ya mbegu zake yenyewe huweza kuutekeleza kwa urahisi zaidi.

Mchicha ndio mwanzo mwepesi. Huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa, na mmea mmoja ulioachwa ukomae hutoa maelfu ya mbegu. Inafaa kuchagua mapema mimea miwili au mitatu yenye afya na kutoichuma kabisa mpaka masuke yaanze kukauka. Masuke hukatwa, huanikwa kivulini juu ya kitambaa, hupukuchwa na kupepetwa. Kosa la kawaida ni kula mimea yote mizuri na kuachia mbegu ile iliyodumaa; baada ya misimu kadhaa tuta zima hudhoofika, na lawama hutupiwa udongo.

Kunde huachwa maganda yakaukie kwenye mmea, kisha punje huchanganywa na majivu makavu yaliyochekechwa ili kuzuia wadudu. Mbegu za nyanya iliyoiva kabisa hukaa pamoja na ute wake siku mbili au tatu zichachuke kidogo, ndipo zioshwe na kukaushwa, kwa sababu ute huo huzuia kuota. Nyanya chotara, ambazo pakiti yake huandikwa F1, hazifai kwa kazi hii: kizazi kinachofuata hakifanani na mzazi.

Mbegu zilizokauka vizuri huwekwa katika chupa yenye kifuniko, mahali pakavu penye ubaridi. Kabla ya msimu, kumi kati yake hukunjwa katika kitambaa chenye unyevu. Zikiota saba au zaidi, zinafaa kupandwa.

Jamii ya maboga na mamumunye huhitaji tahadhari zaidi. Nyuki hubeba chavua kutoka ua hadi ua, na mumunye tamu lililo karibu na vibuyu vichungu vya kutengenezea vyombo huweza kuchavushwa navyo. Tunda la msimu huo halibadiliki ladha. Uchungu hujitokeza katika mimea itakayoota kutokana na mbegu zake. Chanzo cha uchungu huo ni kukurbitasini, sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mlaji huweza kupatwa na maumivu ya tumbo, kutapika na kuharisha, wakati mwingine kuharisha damu, na shinikizo la damu hushuka. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa sumu hiyo. Matibabu ni kurejesha maji mwilini na kumfuatilia mgonjwa kwa karibu. Kwa hiyo mpishi aonje kipande kidogo kibichi na kukitema. Kikiwa kichungu, tunda lote litupwe pamoja na mbegu zake, hata kama wageni wameshafika. Mhudumu wa afya naye, anapompokea mtu aliyeanza kutapika muda mfupi baada ya kula mumunye, aulize juu ya ladha yake.

Mgonjwa anayetumia warfarini amweleze daktari kabla ya kuanza kuvuna kwa wingi. Majani mabichi yana vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Haimlazimu kuacha mboga. Kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika ghafla.

Mbegu za dukani nazo mara nyingi hupakwa dawa ya kuua wadudu na kuvu, na hutiwa rangi nyekundu, ya waridi au ya buluu kama onyo. Masalia ya mbegu hizo hayaoshwi yakapikwa, wala kulishwa kuku, wala kuwekwa katika kopo lililokuwa la chakula. Mtoto akizila, asilazimishwe kutapika, bali apelekwe hospitalini mara moja pamoja na pakiti, kwa kuwa jina la dawa iliyotumika huandikwa juu yake.