Chenso kuukuu: ifungue kabla hujailipia

Ukifika kutazama chenso ya mtumba, kwanza weka kiganja juu ya silinda. Ikiwa na joto, muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, na ana sababu yake. Keti kivulini, zungumzeni habari za korosho mpaka ipoe kabisa. Mashine ambayo kiwambo cha kabureta kimekakamaa, au inayovuta hewa pasipotakiwa, husumbua kuwaka asubuhi, lakini ikishapata moto huitika vizuri. Ikiwaka, ipe gogo la kukata kwa robo saa, izime, ngoja dakika chache, kisha uivute tena. Hapo ndipo koili inayokufa kwa joto na ringi zilizolika hujitaja zenyewe. Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii ni mvuto mmoja tu." Mheshimu, lakini omba bisibisi.

Bisibisi ni ya kufungulia ekzosi. Nyuma ya ekzosi kuna tundu la kutolea moshi, na kupitia tundu hilo pistoni inaonekana bila kuvunja injini. Chomoa plagi, elekeza tundu kwenye mwanga au washa tochi ya simu, vuta kamba polepole mpaka ubavu wa pistoni uzibe tundu. Pistoni nzima ina rangi ya fedha iliyotulia, na mistari myembamba ya kiwandani ya kuizunguka bado inaonekana. Iliyoungua ina michirizi ya wima, kana kwamba imekwaruzwa kwa msumari, na mahali pengine alumini yenyewe imeyeyuka ikapakaa juu ya ringi. Michirizi ikiwa upande wa ekzosi peke yake, mwenye mali aliwahi kuitia petroli bila oili ya kutosha, au kabureta ilikuwa inapitisha hewa nyingi mno na mafuta kidogo. Geuza mashine, ondoa kabureta, tazama upande wa pili. Huko ukikuta ubavu umesagika na kupoteza mng'ao, vumbi limepita kwenye ea klina. Kwa udongo mwekundu wa Nachingwea, mkoani Lindi, ugonjwa huu wa pili ndio wa kuchunguza kwa makini zaidi.

Muuzaji anayekataa kufungua ekzosi amekwisha kujibu. Kazi yenyewe haimalizi nusu saa na haiharibu kitu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nchi hii ya Nachingwea imewahi kufikiwa na mradi ulioangushwa, pamoja na mengine, na mashine kuukuu zilizonunuliwa bila kufunguliwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga Tanganyika, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Pori lilitakiwa kusafishwa haraka, na viwanda vya Ulaya vilikuwa vimechoshwa na vita. Wenye mradi wakaenda kuokota matrekta na tingatinga za jeshi zilizobaki baada ya vita, nyingi kutoka Ufilipino, zikiwa zimekaa juani na kwenye mvua. Vifaru vya Sherman navyo vilipelekwa kiwandani Uingereza vikageuzwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Kabla mwaka huo wa kwanza haujaisha, kiasi cha theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa yamekaa bila kazi. Spea hazikuwepo, karakana zilielemewa, na mizizi na ardhi ngumu vilimaliza vyuma vilivyokuwa vimekwisha nusu tayari. Mradi ukaachwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Reli iliyojengwa kutoka upande wa Lindi kuja Nachingwea kwa ajili ya karanga nayo ikafungwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Serikali yenye wahandisi wake ilinunua chuma kwa kukitazama rangi. Mkulima wa Ruponda anayetoa fedha ya korosho kununua chenso hana hazina ya kufidia kosa kama hilo.

Na chenso anaihitaji kweli. Ruponda ni kata ya Wilaya ya Nachingwea, na huko, kama ilivyo katika vijiji jirani vya Ruangwa, mti unaoguswa zaidi na msumeno si wa porini. Ni mkorosho. Mashamba mengi ya zamani yamesongamana, matawi yameingiliana, jua haliingii na mavuno yameshuka. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, wanashauri nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani miti isiyofika 70 kwa hekta. Kupunguza shamba lililosongamana kwa shoka ni adhabu. Vilevile mkorosho mzee usiozaa unaweza kukatwa ukabakizwa kisiki kirefu kidogo, na machipukizi yake yakabebeshwa vikonyo vya aina bora. Mkato wa kazi hiyo unatakiwa uwe safi bila kupasua shina, na panga haliuwezi.

Bahati ni kwamba mafundi wapo. Ukanda wote huu unapulizia salfa kupambana na ubwiri unga, kuanzia katikati ya mwaka mikorosho inapochanua, na mashine za kupulizia zinazobebwa mgongoni zina injini ileile ya taimu mbili: petroli iliyochanganywa na oili, kabureta ya kiwambo au ya boya, plagi moja, pistoni moja. Fundi aliyezoea kufufua mashine za salfa anajua sehemu kubwa ya chenso kabla hajaigusa. Kinachobaki kujifunza ni klachi, pampu ya oili ya mnyororo na mnyororo wenyewe.

Mashine ipi? Kwa mbao, jina linalotajwa kwanza ni Stihl 070. Ina injini ya sentimita za ujazo 106, ni nzito, zaidi ya kilo 10 kabla ya kufungwa mnyororo na ubapa wake, haina haraka lakini ina nguvu ya kuvuta ubapa mrefu ndani ya mti mgumu. Ilianza kutengenezwa miaka ya 1960 na sehemu zake ni rahisi kuelewa. Ndiyo maana inaigwa sana. Mashine nyingi zinazouzwa kwa umbo na rangi hiyo hazikutoka Stihl. Tafuta namba ya mashine iliyogongwa kwenye chuma cha kasha. Namba za Stihl zina tarakimu 9. Stika peke yake haithibitishi kitu. Tazama pia chuma chenyewe: kingo za kasha la kuiga mara nyingi hazikusawazishwa, na vichwa vya boliti ni laini, vinaviringika ukikaza mara mbili tatu. Mimi ningechagua mashine halisi yenye miaka 20 na pistoni nzima, niiache ya kuiga iliyotoka dukani leo. Kwa mkulima wa mikorosho, hata hivyo, 070 ni kubwa mno. Chenso ya sentimita za ujazo 50 hadi 60, ya kampuni inayojulikana, inatosha na haimchoshi mtu.

Mkishapatana bei, malipo yafanyike kwa maandishi mbele ya mtendaji wa kijiji, namba ya mashine ikiandikwa kwenye karatasi. Chenso huibwa, na namba hiyo ndiyo itakayokutetea ukiulizwa.

Matengenezo yanaanza na mpira, wala si kwenye kabureta kama wengi wanavyofanya. Mpira unaounganisha kabureta na silinda hupasuka kwa umri, sili za shafti hukauka, bomba la mafuta huwa gumu kama plastiki. Hewa ikipenya hapo, mashine hupiga kelele za juu bila kuguswa, na fundi mwenye pupa hukimbilia kugeuza skrubu. Atapata utulivu wa siku mbili, kisha pistoni itaungua. Jaribio ni rahisi: iache iungurume taratibu, iinamishe ubavu huu, kisha huu. Mlio ukibadilika sana, tafuta uvujaji kwanza. Badilisha sili zote mbili, mpira, bomba na chujio la ndani ya tangi, halafu ndipo ufungue kabureta, uisafishe na kuiwekea viwambo vipya. Kwenye kabureta nyingi, skrubu za L na H huanzia mzunguko 1 kutoka zilipokaza, kisha hurekebishwa injini ikiwa ya moto na mnyororo ukiwa mkali.

Ringi mpya ndani ya silinda yenye michirizi mirefu ni kutupa fedha. Silinda nyingi za chenso zimepakwa tabaka gumu la kromi au nikeli. Tabaka hilo likiisha, hakuna kuchonga kama kwenye injini ya gari. Alumini iliyoganda juu yake inaweza kuondolewa na tabaka likakutwa zima, na kazi hiyo mpe fundi anayejua tofauti ya hayo mawili.

Oili ndiyo inayoua chenso nyingi vijijini. Petroli inanunuliwa kwa chupa, oili ya 2T inakadiriwa kwa kifuniko cha soda, na petroli yenyewe huenda imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano la mililita 20. Kwa mashine nyingi za kisasa na oili nzuri, bomba 1 kwa lita 1 ya petroli ndiyo kipimo cha 1 kwa 50. Kwa 070 kuukuu ukitumia oili ya kawaida ya 2T, tia mabomba 2. Mnyororo nao unataka oili yake. Oili chafu ya gari, inayotumika sana kwa sababu ni ya bure, imejaa chembe za chuma zinazokula pampu, na inamrukia mkataji mikononi na usoni siku nzima.

Mnyororo tunaoufahamu leo una asili ya msituni. Joseph Buford Cox, mkata miti wa Oregon, Marekani, alimtazama funza wa mbawakawa akitoboa gogo kwa kukwangua kushoto na kulia, akaunda meno yanayofanya hivyo. Mnyororo wake ulitoka mwaka 1947, mwaka uleule tingatinga za karanga zilipotua. Meno hayo yanataka tupa ya duara yenye kipimo chake: milimita 5.5 kwa mnyororo mkubwa wa 070, 4.8 kwa mnyororo wa chenso nyingi ndogo. Kila jino lipigwe idadi sawa ya mikwaruzo, kushoto na kulia, la sivyo mkato utapinda. Mnyororo mkali hutoa vipande kama chenga za mchele. Ukiona unga, simama unoe, maana kuusukuma mnyororo butu ndiko kunakochemsha injini uliyoitengeneza kwa gharama. Mpingo na mkarati humaliza makali upesi. Geuza ubapa juu chini kila unapobadilisha mnyororo, na sproketi ibadilishwe kila baada ya minyororo 2.

Kuhusu msitu, Sheria ya Misitu ya 2002 iliwapa wanakijiji uwezo wa kutenga na kusimamia misitu yao. Kikole, wilayani Kilwa, mkoa huuhuu wa Lindi, ni miongoni mwa vijiji ambavyo misitu yake ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu (FSC) mwaka 2009, na kijiji kikauza mpingo wake chenyewe. Mtumbati au mkongo unaoangushwa usiku bila kibali ni fedha ya zahanati ya watu wengine. Kabla ya kupeleka chenso porini, pita ofisi ya wilaya ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) na serikali ya kijiji, uulize taratibu za mashine na za mti. Chombo kilichokamatwa kikikata bila kibali kinaweza kutaifishwa, na matengenezo yako yote yataondoka nacho.

Limebaki la mtu atakayeishika, kwa kawaida kijana wa kibarua, peku au na kandambili. Chenso nyingi za zamani hazina breki ya mnyororo. Ncha ya ubapa ikigusa tawi kwa juu, mashine inaruka kurudi usoni kabla mkono haujawahi kufanya chochote. Mtikisiko wa 070 unatia ganzi vidole, na ganzi hiyo ikizoeleka haiondoki. Kwa hiyo fedha ikiwa haitoshi mashine na kinga kwa pamoja, nunua mashine ndogo zaidi, ubakize ya buti ngumu, miwani na vizibo vya masikio, na umpe kijana kabla hajavuta kamba.