Upepo ni wa Mungu, vumbi lina mwenyewe

Unafua Jumamosi, unaanika, na kabla hujamaliza chai shati jeupe limegeuka rangi ya mchanga. Jirani anajenga, au kuna timbo la mawe kama yale ya Jaribuni. Kaskazi ikivuma, Disemba hadi Machi, ardhi imekauka na vumbi lote linaingia kwako. Nguo utafua tena. Kifua cha mtoto je?

Anza na jirani mwenyewe. Mwambie kwa heshima amwagie maji, azungushe mabati au neti, lori zifunikwe turubai. Hayo hayamfungii kazi, na pengine kaka yako anachimba riziki pale pale.

Akikupuuza, usimalizie hasira WhatsApp. Piga picha, andika tarehe, saa na upepo unatoka wapi. Karatasi za kliniki usitupe. Kisha shirikisha majirani, maana barua yenye sahihi kumi haitupwi ovyo.

Barua ipeleke kaunti, kwa maafisa wa mazingira au afya ya umma. Katiba imezipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Nakala peleka NEMA, na uulize kama timbo hilo lilifanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Nakala yako ipigwe muhuri. Bila muhuri, utaambiwa hujawahi kufika.

Ikishindikana, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko papa hapa Malindi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kushtaki bila kuthibitisha kwamba umeshaumia. Yaani huhitaji kungoja mtu alazwe.

Unadhani ni mambo ya matajiri? Owino Uhuru, Mombasa, ni mtaa wa mabanda. Kiwanda jirani kiliyeyusha betri na kuwaachia wakazi sumu ya risasi. Phyllis Omido alianza kupiga kelele baada ya mwanawe kupatikana na sumu hiyo. Mwaka 2020 korti iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, ikatenguliwa kwenye rufaa 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Ni safari ndefu, kweli. Ndiyo maana barua ya kwanza iandike wiki hii, kabla kaskazi haijachacha.