Nani Atalipia Dizeli ya Mnara Usiku wa Dhoruba?

Kipindi cha giza kikiingia, mialo ya Musoma na Bunda huchangamka. Mitumbwi ya dagaa hutoka jioni na taa zake, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola, na wavuvi hukesha majini hadi alfajiri. Mtumbwini huwa na simu, mara nyingi moja tu, imefungwa kwenye plastiki na kutunzwa kifuani isilowe. Hiyo ndiyo redio ya dharura ya mvuvi wa mkoa wa Mara. Upepo ukigeuka usiku, kama unavyogeuka mara kwa mara katika Ziwa Victoria, atakachotegemea ni mnara ulio nchi kavu, na mnara huo ulijengwa kwa hesabu za vocha na bando. Dhoruba haikuwamo katika hesabu hizo.

Hapo ndipo penye tatizo la kibiashara. Mtandao wa simu huenda waliko wateja, ilhali maafa hutokea hata mahali ambapo hakuna mteja wa kumpigia hesabu: katikati ya ziwa, kwenye mpaka wa Serengeti upande wa Bunda, au kwenye barabara za vumbi za Butiama wakati wa masika. Julai 2023 waumini waliokuwa wakirudi kutoka kanisani walipinduka na mitumbwi yao wilayani Bunda, na zaidi ya watu 10 wakapoteza maisha. Mwaka uliotangulia, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba na kuua watu 19, wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi, akiwamo kijana Majaliwa Jackson ambaye baadaye aliajiriwa Zimamoto. Waokoaji wetu wa kwanza ni watu wa mwaloni. Mtandao wowote wa dharura usiowafikia hao haujakamilika, hata ukiwa na mitambo ya bei gani.

Tuanze na mwenye mnara. Wengi hudhani mnara ni wa kampuni ya simu wanayoitumia, lakini mara nyingi sivyo. Helios Towers ilianza kuinunua minara ya Tigo, ambayo leo ni Yas, mwaka 2010, kisha mwaka 2013 ikachukua ya Vodacom. Mwaka 2021 Airtel Tanzania nayo ikatangaza kuuza minara yake takriban 1,400 kwa ubia wa SBA Communications ya Marekani na Paradigm Infrastructure, kwa dola milioni 175. Tangu hapo biashara imegawanyika: kampuni ya minara hupangisha nafasi ya antena na kutunza umeme, ya simu huleta mitambo na wateja. Mnara ukizima, mpangaji humdai mwenye mnara kwa mujibu wa mkataba wao. Polisi, Zimamoto na hospitali hawamo katika mkataba huo. Kwao mnara kuzima ni bahati mbaya tu, na hawana wa kumdai.

Ingia ndani ya uzio wa mnara mmoja uone gharama inakokaa. Kuna mita ya TANESCO, kabati la mitambo, safu ya betri, jenereta na tenki la dizeli. Umeme ukikatika, betri hushika. Zikishuka, jenereta huwaka. Dizeli ikiisha kabla gari la mafuta halijafika, mnara huwa chuma kitupu. Tuchukue mitambo inayokula kilowati 2: siku nzima inataka uniti 48, na jenereta ndogo inayonywa lita 2 kwa saa itamaliza lita 48. Mjini Musoma hilo si jambo. Mwisho wa rasi ya Majita, barabara ikiwa imekatwa na maji, lita hizo 48 ndizo zitakazoamua nani apatikane na nani asipatikane. Betri nazo huibwa, na dizeli hufyonzwa, kwa hiyo gharama ya mlinzi na kufuli lazima iingie katika bei.

Aprili 1, 2024 hitilafu katika Gridi ya Taifa iliiacha sehemu kubwa ya nchi gizani. Mei 12 mwaka huohuo mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini na intaneti ikayumba nchini kote. Tatizo siku hizo halikuwa minara kuanguka. Ni umeme na njia ya mawasiliano vilivyokatika, na ndivyo itakavyokuwa mara nyingi Mara pia. Mnara wenye tenki lililojaa lakini wenye njia moja tu ya mkongo, mkongo huo ukipitiwa na greda la barabara, haumsaidii mtu. Unahitaji njia ya pili, iwe ya maikrowevu hadi mnara wa jirani au ya setilaiti.

Ziwani kuna kikwazo kingine ambacho pesa peke yake haikiondoi. Mtandao wa kizazi cha 2, ambao bado unazibeba simu za batani za wavuvi wengi, una kikomo cha kilomita 35 katika mpangilio wake wa kawaida. Simu ikiwa mbali zaidi ya hapo, mnara hauipokei hata kama mawimbi yanafika, kwa sababu muda wa kwenda na kurudi unazidi nafasi iliyotengwa. Redio za majini za VHF hazina kikomo hicho, ila nazo zinatii mviringo wa dunia. Watu wawili wenye redio za mkononi, kila mmoja akiwa mtumbwini, husikilizana kilomita 11 au 12 hivi maji yakiwa wazi. Weka antena mita 60 juu ya maji na umbali huo unafika karibu kilomita 37. Kwa hiyo kilima kimoja kilichochaguliwa vizuri kando ya ziwa kina faida kuliko minara kadhaa mifupi, na chaneli 16, ambayo ni ya dharura duniani kote, humfikia kila mwenye redio kwa wito mmoja. Simu humfikia mmoja tu, tena kama hana mazungumzo mengine.

Tatizo hili la ziwani limeanza kufanyiwa kazi. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu, inasimamia mradi wa mawasiliano na uchukuzi ziwani unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika tangu 2016. Kwa upande wetu TASAC, msimamizi wa usafiri wa majini, ndiyo mtekelezaji: kituo kikuu cha kuratibu utafutaji na uokoaji Mwanza, na vituo vidogo, kimojawapo kikiwa Musoma. Nchi kavu, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini Mei 2023 mikataba ya minara 758 katika kata zisizo na mawasiliano ya kutosha, Serikali ikitoa ruzuku na kampuni zikijenga. Ni kazi kubwa na inastahili sifa. Lakini ruzuku ya namna hii hununua mnara. Kwa huduma za dharura kinachohitajika ni saa za mnara kuwa hewani mambo yakiharibika, na saa hizo lazima ziwe na bei yake na mnunuzi wake.

Nchi nyingine zimejifunza hilo kwa gharama. Korea Kusini, baada ya feri ya Sewol kuzama Aprili 2014 na kuua watu 304, iliamua kujenga mtandao mmoja wa taifa kwa polisi, wazimamoto na walinzi wa pwani, na ukakamilika 2021. Marekani ilipitisha sheria ya mtandao wa FirstNet mwaka 2012, ikatoa masafa na fedha, kisha 2017 ikaipa AT&T mkataba wa miaka 25 wenye sharti kwamba mtandao ukielemewa, mwokoaji anapita kwanza. Ila nchi hiyohiyo, baada ya kimbunga Katrina, ilijaribu kulazimisha kila mnara uwe na umeme wa akiba wa saa 8. Kampuni zikapinga na sharti likafa. Jirani zetu Kenya waliipa Safaricom kazi ya mtandao wa polisi wa Nairobi na Mombasa mwaka 2014 kwa shilingi za huko bilioni 14.9. Fedha hizo ni za miji miwili tu.

Kwa uwezo wetu, mfano unaonivutia zaidi ni wa Japani. Baada ya tsunami ya 2011, NTT Docomo haikuimarisha kila mnara. Ilijenga vituo vikubwa zaidi ya 100 vya kufunika eneo pana minara ya kawaida ikizima, na ikaongeza umeme wa akiba wa saa 24 kwenye minara inayohudumia ofisi za serikali za mitaa. Walichagua. Mara pia inaweza kuchagua. Haihitaji kuimarisha kila mnara wa mkoa. Inahitaji michache: Mwigobero na Kinesi zinakopita abiria wa kivuko, Kisorya wanakovukia watu wa Ukerewe, rasi ya Majita, Bunda mjini, na Butiama kwa ajili ya vilima na hospitali.

Na namna ya kulipa tunayo tayari. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa 2022, humhudumia mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura kwa namba 115. Mhudumu wa zahanati anapiga, mratibu anaangalia kwenye mfumo gari lililo karibu, na kama ambulansi haipo anamwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa. Dereva hulipwa kwa simu mgonjwa akishafikishwa. Hakuna aliyenunuliwa gari. Kinachonunuliwa ni safari iliyokamilika. Mkataba wa minara teule uandikwe vivyo hivyo: kampuni ilipwe kwa kila saa mnara uliokuwa hewani umeme wa TANESCO ukiwa haupo, ilipwe zaidi usiku wa tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na isilipwe kitu ikizima. TCRA, msimamizi wa mawasiliano nchini, iweke sharti la simu za 112 (polisi), 114 (Zimamoto) na 115 kupita kwanza. Fedha zitoke Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote na bajeti ya maafa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa sababu mvuvi wa dagaa hawezi kulipia uhai wake kwa bando la siku.

Redio za VHF nazo zisibaki kituoni Musoma. Kila kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni kipewe moja ya mezani na mbili za mkononi, na mtu anayelipwa posho ya kuisikiliza usiku, maana redio isiyo na msikilizaji ni mzigo tu.

Upimaji wake ni rahisi. Ijumaa jioni moja kila robo mwaka, bila kumwarifu mwenye mnara, TANESCO izime laini inayolisha mnara wa Kisorya. Jumamosi usiku mtu apige 114 kutoka kwenye mtumbwi ulio kilomita 20 ndani ya maji, na malipo ya robo hiyo yategemee kama simu imepokelewa.