Vinara wa Sheria za Mazingira, Kuanzia Mgori hadi Bungeni

Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mkulima wa alizeti au mtama akiukosa, hana vuli ya kumfariji. Ndiyo maana sheria ya mazingira inayopitishwa Dodoma huishia kupimwa huku ghalani na kisimani. CCM, na TANU kabla yake, imeshika dola tangu Uhuru, hivyo sifa nyingi za sheria hizi ni zake, na mapengo pia ni yake. Hawa hapa waliotia fora, pamoja na wachache kutoka vyama vingine na nchi jirani.

Tamko lililotangulia yote: Arusha, 1961

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Julius Nyerere alitia saini Tamko la Arusha la uhifadhi, pamoja na mawaziri wake Chifu Abdallah Fundikira na Tewa Said Tewa. Serikali ya TANU iliahidi kuwalinda wanyamapori na mapori yao kwa manufaa ya wajukuu. Lilikuwa tamko tu, si sheria, lakini viongozi waliofuata wamekuwa wakikumbushwa ahadi hiyo hadi leo.

Mlango mdogo uliofungua makubwa: Sheria Na. 7 ya 1982

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) haikutungwa kwa ajili ya misitu. Hata hivyo iliipa serikali ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya na kuwa na nguvu ya kisheria. Tangu hapo wanakijiji wangeweza kukubaliana nani achunge wapi, nani akate nini na faini iwe kiasi gani, na makubaliano yao yakasimama mahakamani.

Walioitangulia sheria: vijiji vya Mgori

Hawa kwangu ndio vinara wa orodha nzima. Mgori ni msitu wa miombo wa zaidi ya hekta 40,000 katika Wilaya ya Singida. Miaka ya 1990 mpango wa Serikali ulikuwa kuufanya hifadhi ya Serikali, kama ilivyozoeleka. Wananchi wakashika njia nyingine. Kuanzia mwaka 1995 vijiji vitano vilivyouzunguka, Ngimu na Pohama vikiwamo, viligawana msitu, kila kijiji na kipande chake, mipaka yake, walinzi wake na sheria ndogo zake. Duru-Haitemba ya Babati ilikuwa imetangulia kidogo, lakini Mgori ni mkubwa mara kadhaa.

Sheria ya kuitambua hifadhi ya msitu ya kijiji haikuwapo bado. Ilikuja na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, baada ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 kuweka msingi. Hifadhi ya namna hiyo ni ya kijiji, na mapato ya mazao yake hubaki kijijini. Bunge liliandika kile ambacho watu wa Singida na Babati walikuwa wameshaonyesha kwamba kinawezekana. Chama kinachotaka kujisifu kwa uhifadhi kijisifu hapa kwanza: kilikubali kujifunza kwa wanavijiji.

Sheria pana kuliko zote: Na. 20 ya 2004

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, ya enzi za Rais Benjamin Mkapa, ina vifungu zaidi ya 200. Kifungu cha 75 kinamtaka Waziri achukue hatua juu ya mabadiliko ya tabianchi. Sheria hiyohiyo inatambua kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji. Udhaifu wake mkubwa uko hukohuko chini: kamati isiyo na fungu la fedha, hata nauli ya kukagua chanzo cha maji, haiwezi kufanya kazi.

Katazo lililoonekana haraka zaidi: mifuko ya plastiki

Zanzibar ilitangulia mwaka 2006. Tanzania Bara ikafuata Juni 1, 2019, kwa kanuni zilizotungwa chini ya sheria ya 2004. Mtumiaji akikutwa na mfuko hutozwa faini kuanzia shilingi 30,000. Sokoni vikapu vikarudi mikononi kwa wiki chache tu. Kisha vifungashio vyepesi, vilivyoruhusiwa kwa bidhaa maalumu, vikaanza kubebea vitunguu na nyanya. Mwanya huo unahitaji kuzibwa.

Mwanasheria wa mazingira aliyefika bungeni: Tundu Lissu

Mzaliwa wa Mahambe, Ikungi, kabla ya siasa alifanya kazi na LEAT, chama cha wanasheria watetezi wa mazingira, akiwatetea wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu. Mwaka 2010 alichaguliwa mbunge wa Singida Mashariki kwa tiketi ya CHADEMA. Mazingira si hoja ya chama kimoja.

Mbunge mvumilivu kuliko wote: Wilber Ottichilo

Nchini Kenya, mbunge huyu wa chama cha ODM kutoka Emuhaya aliwasilisha muswada wa tabianchi, Bunge likaupitisha mwaka 2012. Rais Mwai Kibaki akakataa kuusaini kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Ottichilo akarudi nao mwaka 2014, na Mei 2016 Rais Uhuru Kenyatta akatia saini. Uganda ilipata sheria yake mwaka 2021.

Lengo kubwa kuliko yote: asilimia 80

Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024 chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, unataka Watanzania asilimia 80 wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa mkoa ambao magunia ya mkaa hupangwa kando ya barabara kuu, lengo hilo litaamuliwa na bei ya kujaza mtungi wa gesi.

Nafasi iliyo wazi

Tanzania imeweka tabianchi ndani ya sheria ya 2004 na kanuni za biashara ya kaboni za 2022, badala ya kuitungia sheria yake yenyewe. Chama kitakachopeleka bungeni muswada wa sheria hiyo kina kipimo tayari. Je, unakipa kijiji uwezo wa kuamua kama Mgori, na fedha ambazo kamati zake hazijawahi kupata? Mgombea akija Singida kuomba kura, aulizwe ni kifungu kipi kitakachofanya hivyo, na akitaje.