Askari wa plastiki: Mteja asiyetafuta bei poa

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

UKIPITA kwenye vibanda vya midoli mjini Tunduma, hatua chache kutoka mpaka wa Tanzania na Zambia, si ajabu kuukuta mfuko wa askari wadogo wa plastiki umening'inizwa kati ya mipira na magari ya kuchezea. Wengi ni wa kijani. Mmoja amepiga goti, mwingine amelala kifudifudi, mwingine ameinua bunduki. Mzigo wa aina hiyo kwa kawaida hutoka China, hushushwa bandarini Dar es Salaam, hupita Kariakoo, kisha husafiri zaidi ya kilometa 900 hadi kufika hapa. Anayelipa ni mzazi. Anayetumia ni mtoto, ambaye baada ya wiki moja atakuwa amepoteza nusu ya kikosi chake.

Lakini yupo mteja mwingine wa askari hao hao. Huyu ni mtu mzima, pengine ana mvi, anaishi Uingereza, Marekani au Ujerumani, na nyumbani kwake ana kabati zima la askari wa plastiki. Mteja huyo yuko tayari kulipa mara nyingi ya bei ya kibandani kwa askari mmoja mwenye urefu wa kidole, na wakati huo huo anaweza kukataa mfuko mzima hata akipewa bure.

Mfanyabiashara mdogo wa Tunduma, au mkulima wa kahawa wa Mbozi, anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, habari kwamba midoli ya askari inauzwa ghali nje ya nchi zinaweza kumfanya mtu aweke mtaji wake wote kwenye mzigo usiotakiwa na wanaolipa bei hiyo. Pili, namna mteja huyu anavyochagua inafanana na ya kila soko linalolipa vizuri.

Walikotoka

Kwa muda mrefu askari wa kuchezea walitengenezwa kwa madini ya risasi. Mwaka 1893 kampuni ya Britains ya Uingereza ilianza kuwatoa wakiwa na uwazi ndani, jambo lililopunguza uzito na gharama. Kampuni hiyo iliwahi kuuza hata seti ya askari wa KAR, jeshi la mkoloni wa Kiingereza lililokuwa na vijana wa Afrika Mashariki.

Askari wa plastiki walianza kuuzwa Marekani mwaka 1938. Baada ya Vita Kuu ya Pili plastiki ikateka soko, kwa kuwa ni rahisi na haina sumu ya risasi. Mwaka 1959 kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianza kutoa masanduku ya askari wadogo sana, na watoto wa kizazi hicho ndio wazee wanaokusanya leo. Mwaka 2014 askari wa kijani waliingizwa katika orodha ya heshima ya midoli nchini Marekani.

Anachotazama mkusanyaji

Jambo la kwanza ni kipimo. Zipo saizi mbili zinazojulikana zaidi. Kubwa ni ya askari mwenye urefu wa milimita 54 hivi, na ndogo ni ya askari wa milimita 23 hadi 25. Mkusanyaji mwenye askari 300 wa milimita 54 hawezi kuweka katikati yao askari wa milimita 60, kwa sababu ataonekana jitu. Mtengenezaji anayebadilisha saizi kila anapotoa toleo jipya hupoteza wateja wake.

Mkulima wa Mbozi analijua somo hili. Kahawa ikishakobolewa hupangwa madaraja kwa ukubwa na uzito wa punje: AA, A, B, PB na mengine. Gunia lililochanganywa halipati bei ya AA, hata kama ndani yake zimo punje nzuri.

Jambo la pili ni mkao. Katika mifuko mingi ya bei rahisi kila mkao huja kwa idadi sawa. Matokeo yake mnunuzi anapata watu wanane wa simu ya upepo, wanane wanaotafuta mabomu ya ardhini, na wanane tu wanaotembea na bunduki. Hakuna jeshi la namna hiyo. Mkusanyaji anataka ofisa mmoja, mpiga bunduki ya rasharasha mmoja au wawili, na askari wengi wa kawaida wanaotembea, wanaolenga au wanaokimbia.

Jambo la tatu ni usahihi. Atatazama kofia, mkanda, viatu na aina ya bunduki, na kujiuliza kama vilitumika mwaka huo na katika vita hiyo. Bunduki ya mwaka 1944 mikononi mwa askari wa mwaka 1914 inatosha kuiua seti nzima.

Jambo la nne ni kazi ya kiwandani. Je, askari anasimama mwenyewe, au kitako chake ni kidogo na kila akisimamishwa anaanguka? Kuna vipande vya plastiki vilivyovuja pembeni? Mshono umepita katikati ya uso? Sura inaonekana, au ni donge tu?

Plastiki yenyewe pia ina mambo yake. Laini haivunjiki, lakini bunduki hupinda na rangi hubanduka. Ngumu hushika rangi na kuonyesha vizuri mikunjo ya nguo, lakini huvunjika ikianguka. Kwa faida ya wenye vibanda, bunduki iliyopinda hunyooshwa kwa kumtumbukiza askari kwenye maji ya moto, kuinyoosha kwa vidole, kisha kumtia kwenye maji baridi.

Jambo la mwisho ni upya. Mkusanyaji ana askari wa Kimarekani na wa Kijerumani wa vita ya pili wa kumtosha. Anapotoa fedha kwa toleo jipya anataka kitu ambacho hana.

Kalibu ndiyo inayokula mtaji

Kama wateja wanajulikana wanataka nini, kwa nini viwanda visitengeneze tu? Jibu liko kwenye kalibu. Askari wa plastiki hutengenezwa kwa kusukuma plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu hiyo hugharimu maelfu ya dola, na ikiwa kubwa hufikia makumi ya maelfu. Plastiki yenyewe ni fedha kidogo.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kalibu imegharimu Sh milioni 25. Ukiuza pakiti 10,000, kila pakiti inabeba Sh 2,500 za kalibu. Ukiuza pakiti 500 tu, kila moja inabeba Sh 50,000, kabla hujalipia plastiki, sanduku, usafiri na kodi. Ndiyo maana mtengenezaji mwenye akili haanzi na kalibu. Anaanza na wateja.

Mfano mzuri ni wa kampuni ndogo ya BMC Toys ya Pennsylvania, Marekani. Mwaka 2019 mtoto wa kike wa miaka 6 aliwaandikia watengenezaji akiuliza kwa nini hakuna askari wanawake wa kijani. Mwenye kampuni hiyo, Jeff Imel, aliona hoja. Hakukimbilia kukopa. Alitangaza mradi kwa mtandao na kuwaomba wanaotaka seti hiyo walipe mapema, na fedha zao zikasaidia kugharimia kalibu. Mwaka 2020 askari wanawake wakatoka, wakiwa na mikao ya mapigano kama wenzao wanaume. Wakusanyaji walinunua, na wazazi wa watoto wa kike wakanunua pia.

Historia iliyolala mpakani

Hapa ndipo Tunduma inapoingia kwenye hadithi hii yenyewe, na si kama mahali pa kupitishia mzigo tu.

Mwishoni mwa Oktoba 1918 kikosi cha Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa askari Waafrika, kilipita Mbozi kikikimbizwa na Waingereza. Mwanzoni mwa Novemba kilishambulia kituo cha Fife, upande wa Zambia ya leo, si mbali na mpaka huu. Kikaendelea hadi Kasama. Kilisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa Mbala hivi sasa, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kusimamishwa Ulaya.

Kwa mkusanyaji, vita hii ni shamba ambalo halijalimwa sana. Lina askari wa Kijerumani mwenye kofia iliyoshushwa kitambaa cha kufunika shingo, ambaye mwaka 1914 mara nyingi alibeba bunduki ya kizamani ya mtindo wa 1871 iliyotoa moshi mwingi. Lina askari wa KAR, ambao wengi waliingia vitani bila viatu. Na lina wapagazi, ambao bila wao isingepigwa hata risasi moja. Chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilibebwa vichwani na mabegani, na makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa njaa na maradhi. Kwenye mifuko ya askari wa plastiki mpagazi ni nadra kuonekana. Wazee wetu waliobeba vita nzima wamesahaulika hata kwenye midoli.

Anayetaka kuona namna askari wa wakati huo alivyovaa hahitaji kusafiri Ulaya. Mnara wa Askari uliopo katikati ya Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927, unamwonyesha kwa shaba.

Ufanye nini?

Mwenye kibanda aendelee kumuuzia mtoto. Huo ndio mkate wake wa kila siku, na mtoto hajali kipimo cha milimita. Lakini anapokwenda kununua mzigo wa jumla afungue mfuko mmoja kabla ya kulipia. Awasimamishe askari mezani na kuona wangapi wanaanguka. Aangalie vipande vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto koo. Anuse plastiki, na yenye harufu kali aiache. Aulize pia kama mzigo umekidhi masharti ya TBS na kodi imelipwa TRA, kwani bidhaa ikikamatwa hasara ni ya aliye nayo mkononi.

Asinunue mzigo mkubwa kwa matumaini ya kuwauzia wakusanyaji wa nje. Askari wa mfuko wa kawaida hawatakiwi nao, na gharama ya kutuma kifurushi Ulaya itameza faida yote.

Kama kuna Mtanzania anayetaka kuingia kwenye soko hilo, mlango wake ni mkono wa fundi. Kila askari wa plastiki huanza na kielelezo kilichochongwa kwa mkono, au siku hizi kuchorwa kwa kompyuta. Nchi yetu haina uhaba wa wachongaji. Kutoka kwenye kielelezo kimoja kizuri fundi anaweza kutengeneza kalibu ya mpira, ambayo ni rahisi mno kuliko ya chuma, na kumimina humo askari makumi kadhaa kwa utomvu wa viwandani unaoganda. Wakusanyaji wanaijua kazi ya namna hiyo na hukubali kuilipia zaidi ya plastiki ya kiwandani, mradi kipimo ni kile kile na mavazi ni sahihi. Atengeneze wachache, awapige picha nzuri kando ya rula, akusanye oda, kisha ndipo aongeze.

Na kama oda hazikuja, atakuwa amepoteza mpira na utomvu kidogo, si shamba wala nyumba aliyoweka rehani.

Mkulima wa Mbozi anayeuza kahawa yake imechambuliwa na kukaushwa vizuri, na mchongaji anayehakikisha kofia ya mpagazi wake haina makosa, wanamhudumia mteja wa aina moja. Mteja huyo hapigi kelele sokoni, wala haombi kupunguziwa. Anaupindua mzigo mkononi, anautazama chini na juu, na akikuta kasoro anaurudisha mezani na kuondoka kimya kimya.