Ukimpeleka Mzazi Berlin

Wengi wa vijana wetu wanaosoma au kufanya kazi Ujerumani hufika siku wakasema sasa ni zamu ya mama, au ya baba, kuja kutembea. Maandalizi yake si mchezo. Viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari lazima ifikie walau euro 30,000, na juu ya hapo kuna nauli, barua ya mwenyeji na miadi ya ubalozini. Baada ya gharama zote hizo mwenyeji hujiona ana deni: siku tatu alizopewa ruhusa kazini lazima zimwonyeshe mzazi kila kitu. Hapo ndipo safari inapoanza kuharibika. Matembezi mafupi na mzazi yanafaa kupangwa kwa kuangalia mambo mawili, miguu yake na yale anayoyajua. Na Berlin, kuliko miji mingi ya Ulaya, ina mahali ambapo mzazi wa Kitanzania atakuwa na la kueleza, asibaki wa kuelezwa tu.

Tuanze na miguu. Berlin ni mji mpana, na umbali unaoonekana mdogo kwenye ramani ya simu unaweza kumtesa mtu mwenye magoti mabovu au presha. Dawa yake ni basi namba 100, basi la kawaida la abiria lililoanza mwaka 1990, mwaka mmoja baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka. Linatoka Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz, na njiani linapita Mnara wa Ushindi, ikulu ya Bellevue, bunge la Reichstag, jirani na Lango la Brandenburg, kisha barabara ya Unter den Linden hadi Kisiwa cha Makumbusho. Tiketi yake ni ile ile ya mji mzima. Mabasi mengi ya njia hii ni ya ghorofa, na kila mgeni hukimbilia juu. Ukiwa na mzee kaa chini, maana ngazi ni nyembamba na basi halisubiri mtu aketi ndipo liondoke. Kwa safari moja ya namna hiyo mzazi amekwisha kuyaona majengo makubwa ya mji bila kutokwa jasho. Kama atapenda kushuka, ashuke Reichstag. Kuba lake la kioo, lililofunguliwa mwaka 1999, halina kiingilio na lina lifti, ila jina na tarehe ya kuzaliwa viandikishwe kabla ya siku yenyewe, na pasipoti iwe mkononi.

Siku ya pili ndiyo yenye uzito. Katika ukumbi mkuu wa Makumbusho ya Elimu Viumbe, mtaa wa Invalidenstraße, umesimama mfupa juu ya mfupa wa mjusi mkubwa wa kale, urefu wake kwenda juu mita 13.27. Ni mifupa ya dinosaria iliyounganishwa ikawa mirefu kwenda juu kuliko yote duniani, na haikutoka Ujerumani. Ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, wakati nchi ikiwa koloni la Wajerumani. Mamia ya vibarua walichimba wakiwa chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba mizigo vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Jumla ya shehena ilikadiriwa kuwa tani 230. Mtalii wa Kizungu akisimama chini ya shingo ile huona mnyama. Mzazi aliyezaliwa kusini mwa Tanzania huona Lindi, ardhi anayoijua, na kazi ya mikono ya watu ambao huenda ni wa ukoo wake. Hapo mambo hugeuka: mtoto aliyezoea kutafsiri kila kibao ndiye anayenyamaza kusikiliza.

Kutoka hapo, vituo vichache vya tramu hukufikisha Brunnenstraße. Mbele ya nyumba namba 193, chini kabisa kwenye njia ya waendao kwa miguu, kuna bamba dogo la shaba nyeupe, upana wake sentimita kumi, lililowekwa mwaka 2007. Lina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Wajerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatumika katika jeshi la Wajerumani angali mtoto, na mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki, akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Mwenye nguvu iliyobaki anaweza siku inayofuata kwenda mtaa wa Wedding, ambako barabara iliyopewa awali jina la mkoloni Carl Peters iligawanywa mwaka 2024, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Mzee aliyesimuliwa vita vya 1905 hadi 1907 na babu yake huko Songea au Kilwa hahitaji mtu wa kumfafanulia jina hilo.

Wapo watakaopinga. Watasema mzazi amekuja kupumzika, na si uungwana kumtoa kwao ukampeleka kwenye makaburi na dhuluma za ukoloni. Hoja hii ina ukweli wake, na ndiyo sababu siku moja kati ya tatu inatosha. Lakini tuangalie pia Berlin yenyewe inauza nini kwa wageni: mabaki ya Ukuta, kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, majengo yaliyopigwa mabomu. Mji huu umeifanya historia chungu kuwa sehemu ya matembezi yake. Kama mzazi ataonyeshwa machungu ya wengine, hakuna sababu ya kumficha yale yanayomhusu. Wengine watasema mzazi anataka picha za mahali maarufu za kuwaonyesha majirani na jamaa. Azipate, basi namba 100 limekwisha kumfikisha huko, na picha mbele ya Lango la Brandenburg haichukui nusu saa.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba ukimuuliza anataka nini, atajibu, "Popote tu, mwanangu." Ni kweli, wazazi wetu hawapendi kuwa mzigo, na wengi hawasemi wamechoka hadi miguu ivimbe. Basi usiulize swali pana. Muulize kama anaijua Tendaguru, kama babu yake alizungumzia Wajerumani, kama angependa kuswali msikitini Ijumaa. Msikiti wa Şehitlik uko Columbiadamm, na vyakula halali vimejaa Kreuzberg na Neukölln. Yanayobaki ni kazi yako. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, na yale ya Humboldt Forum Jumanne. Vyoo vingi vya umma hulipiwa, na vile vya mitaani havipokei sarafu, kwa hiyo kadi ya benki iwe mfukoni. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni na baridi ni kali. Juni linazama baada ya saa tatu usiku, jambo la kumweleza mapema mwenye kusubiri Magharibi. Panga jambo moja asubuhi, jambo moja alasiri, na katikati chakula cha kukaa kitako.

Mzazi aliyezungushwa sehemu kumi na mbili atarudi na picha nyingi na uchovu, na mwezi ukipita hatakumbuka ipi ni ipi. Aliyeonyeshwa nne, mbili kati yake zikiwa zinamhusu, atakuwa na la kuwasimulia wajukuu. Kwa hiyo kabla hujanunua tiketi ya kivutio chochote, mpigie simu nyumbani, umuulize anajua nini kuhusu Ujerumani, kisha panga ratiba kutokana na atakachosema.