Je, Wajua? Umeme Safi na Bili Yake

Umeme wa jua una wapiga debe wake, na wa maji, wa upepo, wa mvuke na wa nyuklia hali kadhalika. Kila mmoja hutaja faida. Bili huja baadaye. Kabla hujachagua upande, pitia haya.

Je, wajua kwamba kwa hewa ya ukaa, nyuklia na upepo ni karibu sare? Mwaka 2014 jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilipiga hesabu ya kila hatua, tangu kujenga mtambo hadi kuubomoa. Kwa kila yuniti ya umeme, makadirio ya kati yalikuwa gramu 11 hadi 12 kwa upepo na nyuklia, 24 kwa maji, 48 kwa mashamba makubwa ya sola, 490 kwa gesi na 820 kwa makaa ya mawe.

Je, wajua kwamba hata Ulaya hawajaelewana? Julai 2022, hoja ya kuzuia gesi na nyuklia zisihesabiwe kuwa uwekezaji wa kijani ilishindwa katika Bunge la Ulaya kwa kura 278 dhidi ya 328. Tarehe 15 Aprili 2023 Ujerumani ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho, huku jirani yake Ufaransa ikiendelea kupata takriban theluthi mbili ya umeme wake kutoka kwenye vinu vya aina hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa Kinshasa, Kongo, mwaka 1959? Kilikuwa cha utafiti tu. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilikuwa imechimbwa Shinkolobwe, Katanga. Leo ni Mkongomani mmoja tu kati ya watano hivi mwenye umeme, ilhali maporomoko ya Inga yanakadiriwa kuweza kutoa megawati 40,000 hivi.

Je, wajua kwamba Kenya ilipolenga kujenga kinu cha nyuklia Uyombo, Kilifi, wavuvi na wakazi waliandamana? Hofu yao ilikuwa bahari, mikoko ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Macho ya serikali yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Je, wajua kwamba mtambo wa kwanza wa jotoardhi wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kazi mwaka 1981 ukiwa na megawati 15 tu? Sasa mvuke wa ardhini ndio chanzo kikuu cha umeme wa Kenya. Upanuzi wake ulihamisha kaya zaidi ya 100 za Wamaasai mwaka 2014, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia.

Je, wajua kwamba usiku wa manane, Wakenya wakiwa wamelala, mvuke mwingine wa Olkaria huachiwa upotee hewani? Kisima hakizimwi kama taa. Lakini jioni, jua likiwa limezama na kila nyumba imewasha vyombo vyake, umeme hautoshi.

Je, wajua kwamba mitambo 365 ya upepo ya Loiyangalani, Marsabit, yenye megawati 310, ilikamilika mwaka 2017 ikakaa bila kazi? Njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika Septemba 2018. Mkataba uliibana Kenya ilipe fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Mwaka 2021 mahakama mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo zilitolewa bila kufuata taratibu.

Je, wajua kwamba wananchi wamezuia umeme mchafu na msafi pia? Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, megawati 1,050, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Lakini mradi wa upepo wa Kinangop nao ulikwisha mwaka 2016, baada ya wakulima kuukataa kwa maandamano. Upepo haukuwa tatizo; tatizo lilikuwa mashamba.

Je, wajua kwamba Bwawa la Julius Nyerere, Rufiji, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115? Hata hivyo, Machi 2025 serikali ya Tanzania ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Sababu ni umbali: umeme ukisafirishwa kutoka kusini hadi kaskazini, sehemu yake hupotea njiani, hasara iliyotajwa kuwa Sh bilioni 32 kwa mwaka.

Je, wajua kwamba Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009? Kisiwa kizima kilitegemea waya mmoja wa baharini kutoka Bara, nao ukaharibika. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013.

Je, wajua kwamba Rwanda huvuna umeme kutoka ziwani bila maporomoko? Chini ya Ziwa Kivu kumejikusanya methani, na tangu 2016 mtambo wa KivuWatt huichoma kupata megawati 26. Inatoa hewa ya ukaa, ndiyo, lakini kuipunguza gesi hiyo kunapunguza pia hatari ya mlipuko kwa wakazi wa pande zote mbili za ziwa.

Je, wajua kwamba kodi inaweza kuzima taa ya sola kabla haijanunuliwa? Mwaka 2020 Kenya iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, ikaurudisha mwaka uliofuata.

Je, wajua kwamba mjadala wote huu mara nyingi huishia mlangoni mwa jiko? Mkakati wa Tanzania wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya wananchi wapike kwa nishati safi; kwa sasa kaya nyingi bado ni za kuni na mkaa. Wengi huamini umeme ni wa matajiri, lakini jiko la presha la umeme huivisha sufuria ya maharage kwa chini ya yuniti moja. Angalia bei ya yuniti kwenye risiti yako ya Luku, kisha uliza mkaa wa kuivisha maharage hayohayo unauzwaje mtaani kwenu.